Tuihukumu mbegu kwa tabia yake

Mjadala wa mbegu zilizobadilishwa vinasaba umekwama kwenye swali moja: mbegu hii imetoka shambani au maabara? Kenya ilipiga marufuku vyakula vya GMO Novemba 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na mabishano yakahamia mahakamani. Tanzania nayo mwaka 2018 iliagiza majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, yasimame. Naamini tunauliza swali lisilotusaidia. Njia iliyotumika kuipata mbegu haituambii kama ni salama. La kuuliza ni mbegu ina tabia gani, nani ameipima na nani anaimiliki.

Tuutazame muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni wa hila: shina limesimama, majani huweza kuonekana yana afya, lakini mkulima akichimba na kukata muhogo anakuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Aliyeueleza kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ni H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Wataalamu wa Amani hawakuishia kuchagua pingili kutoka mashina yenye afya, kama wakulima walivyofanya tangu zamani. Waliuzalisha muhogo na mpira wa Ceara, mti wa spishi nyingine ulioletwa kutoka Brazil kwa ajili ya utomvu wake. Kisha wakawa wanawarudishia machotara hao chavua ya muhogo, kizazi baada ya kizazi, wakisaka mmea unaostahimili ugonjwa na bado una mizizi ya kuliwa. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950, na moja ya matunda yake ni Namikonga, ambayo Pwani ya Kenya huitwa Kaleso. Ndani yake zimo jeni za mti pori ambazo wakati ule hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzihesabu, lakini inapandwa na kuliwa bila mtu kudai kibali.

Sasa linganisha na muhogo ambao mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliuidhinisha mwaka 2021. Humo kimeingizwa kipande kidogo kinachojulikana, kilichotokana na jeni za virusi vyenyewe vya michirizi. Kwa kipande hicho mmea hutambua ujumbe wa virusi na kuukatakata kabla havijazaana. Chombo kinachotumika sana kuingiza jeni kwenye mimea ni bakteria wa udongoni aitwaye Agrobakteria, ambaye kwa asili yake hupachika vinasaba vyake ndani ya mimea. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa walikuta vinasaba vya bakteria wa jamii hiyo katika zote. Kiazi kitamu tunachokula kilipandikizwa jeni na maumbile kabla maabara hazijakuwapo.

Wapo watakaosema kwamba cha asili kimejaribiwa na muda. Si kila mara. Marekani ilitoa kiazi mviringo kiitwacho Lenape katika miaka ya 1960, kilichopatikana kwa uzalishaji wa kawaida, kikaondolewa sokoni mwaka 1970 kwa kuwa na sumu nyingi ya solanini. Upande wa pili, soya iliyowekewa jeni ya kokwa za Brazil iligundulika kwenye vipimo kuwa ingewadhuru wenye mzio wa kokwa hizo, na mradi ukaachwa kabla soya hiyo haijauzwa. Katika visa vyote viwili kilichofichua hatari ni kupima zao lenyewe.

Hoja ya umiliki ina uzito zaidi, na sitaipuuza. Mkulima anayelazimika kununua mbegu kila msimu amepoteza kitu. Lakini mahindi chotara ya kawaida yalimfikisha huko zamani, ilhali pingili za muhogo hupita kutoka jirani hadi jirani, ziwe zimebadilishwa vinasaba au la. Kinachomfunga mkulima ni sheria na mikataba, na huko ndiko wabunge wetu wakaze macho. Ni kweli pia kwamba wadudu huzoea: Afrika Kusini ilianza kulima mahindi yanayoua funza wa mabua mwaka 1998, na haukupita muongo mmoja kabla funza sugu hawajaonekana. Hilo linadai ufuatiliaji wa miaka mingi mashambani, kazi ambayo marufuku haiwezi kuifanya.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Kilimo ya Tanzania ifungue tena majaribio chini ya watafiti wa umma, ichapishe matokeo yote kwa Kiswahili, yawe mazuri au mabaya, na iweke wazi masharti ya umiliki kabla mbegu yoyote haijamfikia mkulima.