Msilipite kanisa la Ribe

Katika makala yenu, Ribe mmeipa sentensi moja tu, na hapo mimi nalalamika. Umethodisti wa Kenya ulianzia pale, mwaka 1862, kwenye vilima vya Waribe nyuma ya Mombasa. Ludwig Krapf, mmisionari aliyewahi kuishi Rabai miaka ya 1840, ndiye aliyewaleta vijana wa kwanza waliotumwa na Wamethodisti wa Uingereza. Walikuwa wanne. Homa iliwaandama, na muda si muda akabaki Thomas Wakefield. Charles New alimfuata 1863, naye ndiye anayetajwa sana kwa sababu alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871.

Mimi Wakefield ndiye anayenigusa. Alikaa chini na Sadi bin Ahedi, mtu wa misafara kutoka pwani ya kusini, akaandika njia alizomsimulia, kituo kwa kituo, maji yako wapi, hadi ziwa kubwa la bara. Taarifa ile ilichapishwa Uingereza mwaka 1870. Mke wa Wakefield, Rebecca, alifariki Ribe mwaka 1873, akazikwa huko huko.

Halafu kuna watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakakimbilia Ribe, kama ilivyokuwa Rabai. Hao ndio waliojaza kanisa, pamoja na Waribe wenyewe. Tafadhali, makala ijayo ianze na wao: waulizeni wazee wa Ribe majina ya babu zao kabla hawajatutoka.