HESABU ZA NYUMBA: Mita isiyokata

 

Mwezi huu tunaanza na mama mmoja wa hapa kambini. Mwanawe alisafiri kwenda Canada pamoja na mke na watoto wanne. Miezi ya kwanza walikuwa wanapiga simu kila wiki, mara nyingine mara mbili kwa wiki. Halafu kimya. Mwezi wa kwanza mama alisema labda ni kazi. Mwezi wa pili akasema labda simu imeibiwa. Mwezi wa tano akaja kwetu, ameshika simu yake mkononi, akasema: "Wanangu, nisaidieni kuuliza. Kama amekufa niambieni tu."

Tuliuliza kwa watu wanaowajua watu. Hakufa. Alikuwa mzima, anafanya kazi. Lakini ndani ya droo alikuwa na bahasha nne ambazo hakuzifungua, za umeme na za simu. Alipopiga hatimaye, alimwambia mamake maneno haya: "Mama, niliona aibu. Mngeniomba kitu kidogo ningesema nini? Nyumbani mnajua niko Canada."

Mama alipomaliza kulia alituambia: "Andikeni hayo, jina langu msiliweke. Wengine wasiingie humo." Basi tunaandika.

Bujumbura mita ilikuwa mwalimu

Familia hiyo haikutoka moja kwa moja kambini. Kabla ya safari waliishi miaka miwili Bujumbura, katika kartiye ya Buyenzi. Ndiyo maana walidhani mambo ya umeme wanayajua. Na kweli walikuwa wanayajua, lakini kwa namna ya Bujumbura.

Wengi wetu tuliopita mjini tunakumbuka. Umeme ni wa REGIDESO, na nyumba nyingi zina cash power. Unanunua uniti, unapewa namba 20, unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka. Uniti zikiisha, giza. Hakuna wa kulaumu, hakuna deni. Kwenye ua wa wapangaji watano watu wanachanga, na yule mwenye pasi na friji anagombana na yule mwenye balbu moja. Maji wengi tulikuwa tunanunua kwa bidoni kwa jirani mwenye robine. Bidoni ikiisha unaona mwenyewe. Simu vilevile: unanunua initi za Lumitel au Econet, zikiisha unabipu tu, ndugu anakupigia.

Angalieni vizuri, ndugu zetu. Maisha yote hayo ni ya kulipa kwanza, kutumia baadaye. Mita inakata yenyewe. Umaskini wetu ulikuwa na kizuizi: huwezi kutumia usichokuwa nacho.

Kule wanakokwenda watu wetu, mambo yamegeuka. Unatumia kwanza. Mwezi unaisha, au miezi miwili, ndipo faktire inakuja kwenye bahasha au kwenye imeli. Hakuna taa inayozima kukuambia "baba, punguza". Unaoga maji ya moto, nyumba ina joto, watoto wanaangalia video, kila kitu kinaonekana ni cha bure. Ndipo bahasha inaingia. Kwa hiyo neno letu la mwezi huu ni moja tu: kule mita haikukati mapema, itabidi ujikate mwenyewe.

Joto ndilo linalokula pesa

Kosa la kijana wetu halikuwa ulevi wala anasa. Alinunua hita mbili za umeme ili watoto wasione baridi usiku. Baba gani asingefanya hivyo? Lakini tufanye hesabu pamoja, chukueni kalamu.

Hita ya kawaida ni wati 1500. Ikiwaka saa 10 usiku mmoja inakula uniti 15. Hita mbili ni uniti 30. Kwa siku 30 ni uniti 900. Tuseme uniti moja ni senti 15 za dola (ni mfano tu, bei hutofautiana mahali na mahali). Hiyo ni dola 135, na bado hujapika, hujafua, hujaoga.

Sasa balbu ya kisasa ya wati 10, ikiwaka saa 10, inakula sehemu moja ya kumi ya uniti. Maana yake hita moja ni sawa na balbu 150. Wengi wetu tunapiga kelele watoto wazime taa, na hita inawaka huku nyuma yetu. Kuzima taa ni vizuri, lakini pesa haiko kwenye taa. Iko kwenye joto la nyumba na kwenye maji ya moto.

Mfanye nini? Muweke kipima joto cha ukutani kwenye nyuzi 20 hivi mchana, usiku mshushe kidogo, mvae sweta na soksi ndani. Mzibe matundu ya chini ya mlango na pembeni mwa madirisha. Msifungue dirisha ili kupunguza joto, mzungushe kile kidude. Wanaokwenda Marekani wajue kwamba kule wanapima kwa hesabu nyingine: nyuzi 20 zetu ni 68 zao. Wengine wameona 68 wakafikiri nyumba itaungua.

Jambo lingine. Kampuni nyingi za umeme na gesi zina mpango wa kulipa sawasawa kila mwezi. Wanachukua matumizi ya mwaka wanayagawanya kwa 12, ili bili ya majira ya baridi isikuangukie mara moja. Hydro-Québec, kwa mfano, wana mpango huo. Uombe mapema, usingoje Januari.

Na msidanganyike na huruma ya baridi. Québec, Hydro-Québec hawakati umeme wa nyumba kwa sababu ya deni kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 31. Ontario nako kuna katazo kama hilo, kuanzia Novemba 15 mpaka Aprili 30. Ni sheria nzuri, inaokoa watoto. Lakini deni halilali. Linaendelea kukua chini ya theluji, na majira yakifunguka wanakuja kulidai.

Simu ya bure si ya bure

Bahasha mbili za yule kijana zilikuwa za simu. Dukani walimwambia simu ni bure, asaini hapa tu. Akasaini ya kwake na ya mkewe.

Simu ya dola 720 ikigawanywa kwa miezi 24 ni dola 30 kila mwezi. Hizo zimejificha ndani ya bili, mbali na pesa ya laini yenyewe. Simu mbili, dola 60. Ukitaka kuacha katikati unadaiwa kilichobaki.

Shauri letu: mwaka wa kwanza mfanye kama Bujumbura. Hata kule kuna laini za kulipa kwanza, mkikata mwezi imekwisha, hakuna mtu anayewadai. Simu mliyotoka nayo hapa ikikubali laini ya kule, mwiendeleze. Kijana mwenye haraka ya simu mpya angoje mshahara utulie.

Aliyekwisha kusaini nchini Canada ajue haki zake. Kuna kanuni ya simu za mkononi iliyoanza 2013. Baada ya miaka miwili unaweza kutoka kwenye mkataba bila faini. Mega zikizidi kiasi chako, hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya dola 50 kwa mwezi mpaka ukubali mwenyewe. Na tangu Desemba 1, 2017 wanapaswa kukufungulia simu bila malipo, ili uitumie na laini ya kampuni nyingine. Marekani nako kuna mpango unaoitwa Lifeline, ulioanza 1985, unaopunguza hadi dola 9.25 kwa mwezi kwenye simu au intaneti ya nyumba yenye kipato kidogo. Mwenye jamaa kule amwambie aulize kama anastahili.

Na sisi tuliobaki

Hapa tuseme ukweli, hata kama unauma. Sehemu ya bili ile tulikuwa ndani yake sisi. Kijana alikuwa anapiga simu ya kawaida ya kimataifa, kila dakika inahesabiwa, kwa sababu mamake hana mega. Na kila tuliposikia yuko hewani tulijaa watu sita kuzunguka simu, kila mmoja na shida yake, na salamu za kartiye nzima.

Familia zinazofaulu, tulivyoona, zimepatana siku na saa. Kwa mfano Jumapili saa mbili usiku ya huku, ambayo kule Ontario wakati wa baridi ni saa saba mchana, na wakati wa joto ni saa nane. Wanaongea kwa WhatsApp. Lakini mkumbuke kwamba WhatsApp inakula mega za pande zote mbili, ya anayepiga na ya anayepokea. Kwa hiyo aliyeko mbali atume kidogo cha mega kila mwezi, itamgharimu kidogo kuliko dakika za kimataifa. Video muiache kwa siku za sherehe, sauti inatosha.

Pesa ya kusaidia nyumbani pia ipangiwe siku. Kutuma mara moja kwa mwezi kuna makato ya mara moja. Kutuma mara nne kuna makato ya mara nne. Na sisi tuliobaki tukubali mtu akisema, "Mwezi huu sina." Akiweza kusema hivyo bila kutukanwa, hatanyamaza miezi mitano.

Maswali matano kabla ya kusaini nyumba

Mkatishe kipande hiki mkiweke pamoja na karatasi za safari.

1. Ndani ya kodi mna nini: maji, joto, umeme, au hakuna kitu?

2. Joto la nyumba linatoka kwenye umeme au gesi? Na maji ya moto je?

3. Bili itaandikwa jina la nani, na inakuja kila baada ya muda gani?

4. Kuna amana ya kuweka kabla ya kufunguliwa umeme au simu?

5. Mpangaji aliyetangulia alikuwa analipa kiasi gani mwezi wa baridi? Usiulize mwezi wa joto, utafurahi bure.

Bahasha ikija, ifunguliwe siku hiyohiyo. Mtafute vitu viwili tu: kiasi, na tarehe ya mwisho. Mkiona hamtaweza, mpige simu kabla ya tarehe, si baada yake. Mkalimani yupo mara nyingi, taja tu neno Swahili ungoje. Anayepiga mapema huwa anapewa kulipa kidogo kidogo. Anayenyamaza anakatiwa.

Msisahau pia deni la safari. Wanaokwenda Canada, mikopo iliyotolewa tangu Februari 2018 haina riba, lakini ni mkopo, utalipwa. Na msaada wa serikali kwa wakimbizi wanaofadhiliwa nayo kwa kawaida hauzidi mwaka mmoja. Mwaka huo mnapaswa kujifunza kuishi, msijifunze kukopa.

Zoezi la kuanzia leo

Najua mtasema: safari yenyewe iko wapi? Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimefunga mizigo ziliifungua tena. Uchungu huo tunaujua. Lakini zoezi hili halihitaji ndege, na atakayebaki litamsaidia vilevile. Na mtu akiwaambia lipeni pesa kidogo jina lenu lisogezwe mbele, mkimbieni. Huduma za HCR na za OIM kwa safari hizi hazinunuliwi.

Mlioko Bujumbura, kila Jumamosi jioni msome mita ya cash power na kuandika kwenye daftari: wiki hii tumekula uniti ngapi? Wiki ambayo pasi imetumika sana mtaiona. Mlioko kambini hamna mita, lakini mna simu. Muandike kila initi mnazonunua, hata zile ndogo ndogo, na mwisho wa mwezi mjumlishe baba na mama pamoja, watoto wakubwa wakisikiliza. Wengi watashangaa.

Yule kijana, kama mnataka kujua, alizifungua bahasha. Alipiga simu, akapewa mkalimani, sasa analipa deni kwa vipande kila mwezi. Hita moja ameirudisha kabatini, watoto wanalala chumba kimoja. Na Jumapili saa mbili usiku, mkipita karibu na nyumba ya mama yule, mtamkuta amekaa nje na simu mapajani. Msimsumbue kwa salamu ndefu, mega zenyewe ni za kuhesabu.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kodi ya nyumba na mambo ya kusaini karatasi usizozisoma. Wenye maswali walete kama kawaida. Tuonane Mungu akipenda.