Vita vya Jembe na Dungu

Kila mwaka, tarehe 27 Februari, mji wa Songea huwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na ni haki yao. Lakini sisi tukaao Tangini na vijiji vya Kisarawe twaisikia habari ya vita vya Maji Maji kana kwamba ilipita mbali nasi, ilhali Kibasila, jumbe wa Kisangire, aliyeipinga pamba ya Wadachi na mwisho akanyongwa, alikuwa mtu wa Uzaramo huku huku. Jina lake limebaki kwenye lango la shule moja ya Dar es Salaam, na hilo si dogo. Ila jumbe peke yake hafanyi vita.

Tangu mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen iliwalazimisha majumbe kufungua mashamba ya pamba, na raia wakalimishwa humo majira yale yale ambayo mpunga na mtama wao ulihitaji palizi. Ujira ulipotolewa ulikuwa haba hata wengine wakakataa kuupokea. Wanaume aghalabu walikuwa safarini wakitafuta fedha ya kodi, nyumbani wamesalia wanawake na watoto, na nguruwe mwitu, wasiojua amri ya gavana, walishuka shambani kila usiku. Mtazame mwanamke huyo juu ya dungu, kijinga cha moto mkononi, akipiga debe na kupaza sauti hata alfajiri, kisha kukicha aitwe kwenye pamba isiyolika. Nani atamlaumu, akiletewa maji ya dawa, kwa kuyasadiki?

Umatumbini miche ya pamba iling'olewa Julai 1905, na muda si muda moto wa vita ukafika kwetu. Risasi ziliua, lakini njaa iliua zaidi, maana ghala na mashamba vilichomwa kwa makusudi ili watu watii. Walionusurika waliingia mwituni kuchimba ndiga, kiazi chenye sumu, ambacho sharti kikatwe vipande na kulowekwa siku kadhaa kabla ya kuliwa. Mama mwenye watoto wanaolia alizihesabu siku hizo moja moja, na aliyeshindwa kungoja aliponzwa na haraka yake.

Kwa rai yangu, taarikh iliyomtaja aliyeshika gobore na kumwacha aliyeloweka ndiga ni taarikh nusu. Basi wewe msomaji mwenye bibi Maneromango au Mzenga, nenda ukamwulize, angali hai, aliisikiaje njaa ile kwa bibi yake, nawe uyaandike majibu.