Chuma Kilicho Chini Hunyanyuliwaje?

Ni mazoezi machache yaliyo karibu na kazi zetu za kila siku kuliko kuinama na kunyanyua chuma kilicho sakafuni. Anayeinua gunia la mahindi au ndoo ya maji hulifanya zoezi hilo hilo bila kulipa kiingilio. Lakini ukiingia katika ukumbi wa mazoezi utawakuta watu watatu wakilifanya kwa namna tatu, na kila mmoja atakuapia kuwa yake ndiyo sahihi. Umfuate nani?

Namna ya kawaida ni kusimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa nyonga, mikono nje ya magoti, chuma kikikaribia kugusa miundi. Hapa mgongo hubeba sehemu kubwa ya kazi. Ya pili huitwa sumo, kwa jina la mieleka ya Wajapani: mnyanyuaji hutanua miguu na kupitisha mikono katikati ya magoti. Kifua huwa wima zaidi, mgongo hupata nafuu, na nyonga na mapaja huongezewa kazi. Wapo wanaoibeza kuwa ni hila ya kufupisha safari ya chuma. Safari hufupika kweli. Lakini mashindano ya zoezi hili huziruhusu zote mbili, nami sioni kwa nini mfanyakazi anayetafuta nguvu awe mkali kuliko waamuzi.

Ya tatu ni ya Kirumania, iliyopewa jina hilo Marekani kwa sababu ya Nicu Vlad, Mrumania aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Los Angeles mwaka 1984. Huanza umesimama, chuma kikiwa mikononi. Unasukuma makalio nyuma, magoti yakikunjwa kidogo tu, na kukishusha mpaka misuli ya nyuma ya mapaja ikaze. Yafaa sana, ila kwa uzito mdogo.

Basi chagua moja kati ya mbili za kwanza, na mwili wako ndio uamue. Mwenye mikono mirefu aghalabu huiweza ya kawaida. Mwenye kiwiliwili kirefu na mikono mifupi mara nyingi huona nafuu katika sumo. Mwombe mwenzako akutazame kwa ubavuni. Iwapo kiuno kinapinda kama upinde kabla chuma hakijaondoka sakafuni, usiongeze hata kilo moja.

Tena si lazima kosa liwe lako. Sahani ya kilo 20 ya mashindano ina upana wa sentimita 45, hivyo chuma hukaa sentimita 22 na nusu juu ya sakafu. Penye visahani vidogo, au makopo yaliyojazwa saruji, chuma hulala chini mno na kukulazimisha kuinama kupita kiasi. Weka mbao imara chini ya kila upande, zilingane kwa kimo. Hapana aibu katika hilo.

Anza na mizunguko mitatu ya kunyanyua mara tano, siku mbili kwa juma, na ile ya Kirumania uifanye baadaye kama msaidizi. Uongezapo, ongeza kilo mbili na nusu tu. Na maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi mguuni, weka chuma chini, umwone daktari.