Mpuliza Tromboni Hana Mgao

Jioni inapoingia Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Shinyanga, hesabu ya kazi hufanywa mbele ya macho ya watu. Mawe yaliyotolewa duarani yamo mifukoni, na mifuko hugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara aliyegharimia chakula na magogo, na fungu la wale walioshuka chini na nyundo zao. Mgao huo si wa haki kila mara. Ugomvi juu yake haukomi, na mashimo ya ukanda wa Shinyanga na Geita yamezika watu wengi. Lakini kanuni yenyewe hakuna anayeikana: aliyeshuka shimoni ana sehemu yake katika kilichopatikana.

Sasa na aulizwe mchimbaji huyo, ameketi karibu na spika ya dukani inayopiga zilipendwa: yule anayepuliza ala ya shaba nyuma ya mwimbaji, yeye alipata mifuko mingapi? Jibu ni kwamba aghalabu hakupata hata mmoja. Alilipwa mshahara, akashukuru, akaenda zake, na pumzi yake imebaki ikiwafanyia kazi wengine kwa miaka arubaini na zaidi. Makala haya yanadai kwamba katika jambo hili duara la Mwakitolyo, pamoja na ukatili wake wote, lina uadilifu kuliko tasnia ya muziki wa nchi nzima.

Dhuluma yenyewe imeanzia katika lugha. Kiswahili, chenye jina kwa kila hatua ya ukuaji wa nazi, kimezikusanya ala zote za shaba katika neno moja: tarumbeta. Tromboni si tarumbeta. Haina vitufe vya kubonyeza. Ina mrija wa kuvuta na kusukuma, wenye vituo saba visivyotiwa alama yoyote. Mpulizaji huvijua kwa mkono na kwa sikio tu, kama nahodha ajuavyo mkondo usioonekana. Akikosea kwa upana wa kidole, sauti imepotoka. Anayejifunza ala hii hutumia miaka kuupata mkono huo, kisha hutegemea midomo na meno. Meno ya mbele yakitoka, riziki imekatika. Mpiga gitaa aliyezeeka aweza kuendelea; mpuliza tromboni aliyepoteza meno huwa amestaafishwa na mwili wake, bila barua wala kiinua mgongo. Mtu wa kazi ya namna hiyo ndiye aliyehitaji mgao kuliko wote.

Wapo wasemao kwamba tromboni ni kitu cha kigeni, anasa ya Wamarekani, na kwamba kuililia ni kulilia mali ya jirani. Hao hawaijui historia ya pwani. Beni, ngoma iliyoziiga bendi za kijeshi za wakoloni na kuzifanyia dhihaka, ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikawa na makundi yake hasimu, Marini na Arinoti. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba hadi bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Terence Ranger aliuandika mwenendo huo katika kitabu kizima mwaka 1975. Wala Usukumani ushindani wa namna hiyo haukuwa mgeni, kwani Wagika na Wagalu walikuwa na mashindano yao ya ngoma. Na hapa Unguja beni ya arusi ingali inapita mitaani na tromboni yake, ikichukua nyimbo za taarabu zinazovuma na kuzitoa uani hadi barabarani, wanawake wakiifuata. Chombo kilichokwisha kuoza watu kwa vizazi kadhaa huitwaje kigeni?

Wengine husema bendi zilijifia zenyewe kwa sababu vijana walibadilisha masikio. Hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo nzito. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya bendi kubwa za Tanzania Bara zilikuwa mali ya vyombo vya umma. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi, Magereza na majeshi walikuwa na zao. Mpango huo ulikuwa na heri yake: mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi na heshima ya mtumishi. Lakini ala haikuwa yake. Gitaa la mkono wa pili mtu aliweza kulitafuta akalipata. Tromboni, katika nchi iliyokaukiwa na fedha za kigeni, ataipata wapi? Aliyeacha kazi aliondoka na midomo yake tu. Mashirika yalipoanza kuuzwa na kufungwa katika miaka ya 1990, na kinanda cha umeme kikaweza kuiga safu nzima ya wapulizaji kwa mshahara wa mtu mmoja, mpuliza shaba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachwa. Vijana hawakumwua. Aliuawa na hesabu.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya muziki huo ilirekodiwa na Redio Tanzania, na kanda zake zikawa hazina ya taifa. Hazina ya taifa ni jina zuri, ila halinunui unga. Jina la bendi linajulikana, la mwimbaji linajulikana, la mpiga solo linajulikana. La mpulizaji mara nyingi halikuandikwa popote.

Isidhaniwe kwamba haya ni maradhi ya maskini peke yao. Hata huko jazi ilikozaliwa, tromboni imekuwa ala ya watu wanaosikika wasionekane. J. J. Johnson, ambaye wengi humhesabu kuwa bingwa wa ala hii katika jazi ya kisasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliacha jukwaa akafanya kazi ya kukagua michoro kiwandani, kwa kuwa muziki haukumlisha. Na Melba Liston, mwanamke aliyeishika tromboni akiwa na miaka saba, alisafiri na Billie Holiday mwaka 1949 katika majimbo ya kusini ya Marekani, akakutana na ubaguzi na ukata, akarudi Los Angeles kuwa karani katika idara ya elimu, na kupata vijisehemu visivyo na jina katika filamu. Alirudi jukwaani mwaka 1956 na bendi ya Dizzy Gillespie, akafundisha Jamaika katika miaka ya 1970, akapigwa na kiharusi mwaka 1985 kilichomnyang'anya ala yake. Hadi alipofariki mwaka 1999 alikuwa akipanga muziki kwa kompyuta.

Mwanamke huyo anawahusu Waswahili kuliko wanavyojua. Mnamo Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kujitawala, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York kazi aliyoiita Uhuru Afrika. Maneno yake yaliandikwa na Langston Hughes, na katika sehemu ya kwanza yalisomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Aliyeupanga muziki wote huo kwa ajili ya bendi kubwa, aliyeamua kila ala ingie wapi na inyamaze wapi, ni Melba Liston. Weston mwenyewe hakuacha kumtaja. Waliomwacha ni wasikilizaji. Hughes anatajwa na kila anayesoma mashairi ya weusi wa Marekani. Liston, mpuliza tromboni aliyekipa Kiswahili jukwaa la kukalia katika jazi, hatajwi hata na wanaojigamba kwamba lugha yao imefika mbali.

Basi kuna mambo matatu ya kudaiwa, wala hakuna hata moja lisilowezekana.

La kwanza ni majina. Wazee waliokuwa katika bendi hizo wanapungua mwaka hadi mwaka. Kila kanda iliyohifadhiwa, Bara na Visiwani, iorodheshwe pamoja na jina la kila aliyepuliza, angali yupo wa kuulizwa.

La pili ni mgao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji, si mtunzi peke yake; Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2003. Haki ipo karatasini. Lakini mirabaha hufuata jina lililosajiliwa, na asiye na jina hana pa kusainia. Ndiyo maana dai la kwanza linatangulia hili.

La tatu ni ala zenyewe. Makampuni ya madini yanatakiwa kisheria kuchangia maendeleo ya jamii zinazoyazunguka machimbo yao, na halmashauri hupata ushuru wa huduma. Itajibiwa kwamba maji na zahanati kwanza, na ni kweli. Hakuna anayeomba kisima kigeuzwe kinanda. Lakini dhahabu imetoka Geita tangu miaka ya 1930. Ikiwa miaka hiyo yote haijatosha kuzipatia shule chache za Shinyanga na Geita seti ya ala za shaba na mwalimu wa kuzifundisha, basi wasemao subirini wana lao jambo. Na ala hizo ziandikwe kwa jina la shule, asitokee bwana mkubwa wa kuondoka nazo.

Mtoto wa Mwakitolyo anajua tangu udogoni kwamba mfuko wa mawe hugawanywa. Akija kupuliza tromboni, asiambiwe kwamba kanuni hiyo haimhusu.