Taa za rangi hazichezi gemu

Wadau, kuna wizi unaendelea mjini na wanaoibiwa ni sisi sisi tunaojiita wasomi. Nasema hizi "kompyuta za gemu" za madukani. Jamaa anachukua kompyuta ya ofisini ya mtumba, anaihamishia kwenye kasha jipya lenye kioo ubavuni, anafunga feni tatu za taa za rangi, halafu anataja bei ya kukutoa jasho. Ukiuliza ndani kuna nini, unajibiwa, "Core i7 hiyo!"

Core i7 ya mwaka gani? Intel wameanza kutumia jina hilo 2008! Niliyoonyeshwa mimi ilikuwa i7-2600, ya 2011. Windows 11 haiitambui rasmi, inataka Intel kuanzia kizazi cha nane. Na Windows 10 Microsoft waliiachia mkono Oktoba 2025, labda ujiandikishe kwa nyongeza ya muda. Yaani unauziwa mstaafu aliyepakwa wanja.

Nikaomba kuona kadi ya picha. "Dada yangu, hii haihitaji kadi." Haihitaji! Bila kadi, prosesa hiyo hiyo ndiyo ichore kila kitu, tena kwa kukopa RAM. Weka Cyberpunk 2077 humo uone kama hata itafunguka. (Kwanza aliniuliza kama namnunulia mdogo wangu wa kiume. Hiyo nayo ina siku yake.)

Mimi nimekusanya vifaa kimoja kimoja: Ryzen 5 5600, kadi ya RTX 3060, RAM vijiti viwili vya GB 8, maana viwili hupitisha data kwa njia mbili, kimoja cha 16 hupitisha kwa moja. Pawa saplai nimechukua ya wati 550 yenye jina, kiasi wanachopendekeza NVIDIA wenyewe. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapobana, wakati umeme wetu huu mnaujua.

Nyumbani, waya wa skrini unachomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Ukikosea kwa Ryzen hii unaona giza tupu. Ukiwa na skrini ya Hz 144, ingia kwenye mipangilio ya Windows uhakikishe haijakaa 60. Na RAM iwashie XMP kwenye BIOS, la sivyo inaenda chini ya kasi uliyolipia. Muuzaji gani amewahi kukwambia haya?

Kuna wanaosema biashara ndiyo hiyo, asiyejua shauri yake. Ala! Mwenye bucha akikuuzia punda kwa jina la ng'ombe, mbona hatumwambii mnunuzi shauri yake?

Ninachodai ni kidogo sana: risiti iandikwe namba kamili ya prosesa, jina la kadi, na wati za pawa saplai. Akigoma kuandika, rudisha pesa mfukoni uingie fremu ya jirani.