Kichocheo Si Mbio Tu

Leo nina dukuduku moyoni, na heri nilitoe hapa chamani kuliko kulala nalo.

Katika mtihani wa kemia muhula uliopita tuliulizwa kichocheo ni nini. Nikajibu ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali na tena kuchagua kitakachopatikana. Maneno ya mwisho yakapigwa mstari mwekundu. Sililii alama (haya basi, kidogo), ila naona tunafundishwa nusu ya jambo.

Tazameni mtungi wa plastiki ambao sisi wa kutwa huutekea maji jioni. Ile ni polithini, nayo hutengenezwa kwa gesi ya ethini. Kiwandani ethini hutoka na ethaini kidogo ndani yake, na hiyo huharibu kazi yote mbele. Basi hutiwa haidrojeni ili ethaini igeuke ethini. Ukitumia madini ya paladiamu peke yake, kazi itaenda mbio kweli, lakini haitajua kusimama. Ethini yenyewe itaongezwa haidrojeni iwe ethani, ambayo haifanyi polithini. Hasara tupu! Kwa hiyo wataalamu huchanganya paladiamu na fedha (ile ya mikufu, si ya mfukoni), chembe ndogo sana zikapachikwa juu ya alumina. Fedha huzitenga atomu za paladiamu, na ethini huponyoka kabla haijaharibiwa. Sasa jamani, kama kichocheo ni mbio tu, mbona watu wagharimie fedha ili kuituliza paladiamu?

Au chukueni mafuta ya kupikia. Normann wa Ujerumani alisajili mwaka wa 1902 njia ya kuyagandisha kwa haidrojeni na nikeli. Vitabu vyasifu. Lakini haidrojeni ikitiwa nusunusu, nikeli hiyo hiyo hupindua baadhi ya vifungo, yakapatikana mafuta ya transi yanayodhuru moyo. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yayaondoe vyakulani. Mbio zilikuwepo, kilichopatikana ndicho kilicholeta balaa.

Mama yangu hukaanga mandazi ya kuuza. Aliponiuliza mafuta ya mgando yanatengenezwaje, nilimkaririа jibu la mtihani, akaridhika. Mimi sikuridhika.

Mwalimu wetu wa kemia, kwa heshima zote, tupe kipindi kimoja cha hiyo nusu ya pili. Na ule mstari mwekundu, ukipata nafasi, uutazame tena.